Maji Niliyompa Asumini

Maalim,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini kwa miaka saba sikuwahi kuingia bandani asubuhi bila kukuamkia, na ulimi wangu haujui mwanzo mwingine.

Nakuandikia kwa sababu Bi Zuwena, mkeo, kaniagiza. Jana alisimama mlangoni kwake, mkono kaushika mlango kama mtu anayetaka kuufunga, akaniambia, "Mimi si wa kuombwa radhi peke yangu. Kamwambie mwenyewe." Nikaenda makaburini. Maalim, kaburi lako sikulipata. Siku tuliyokuzika nilikuwa nyuma ya watu, macho yamejaa, sikutia alama. Na makaburi ya huku hayana majina, ni mawe tu, jiwe kichwani, jiwe miguuni, na tangu wewe wamekwishazikwa wengine wengi. Nilisimama katikati ya mawe yale jua likinichoma kisogo, nikafungua mdomo, halafu nikaogopa. Nikaogopa nisije nikamwambia mtu mwingine habari isiyomhusu, na wewe uko pale hatua tatu, unasubiri. Nikarudi. Sasa nimekaa bandani juu ya gunia la shayiri, na daftari lile ulilokuwa ukiandikia tarehe za kutengeneza kwato za farasi. Nimechana karatasi za nyuma ambazo hukuziandika.

Asumini amekufa. Na aliyemuua ni mimi.

Nimeiandika. Nilidhani mkono utakataa.

Ngoja nikueleze tangu ulipotuacha, maana nikianzia mwisho utanihukumu kabla ya kujua, na nikianzia mwanzo utanihukumu vilevile lakini angalau utakuwa umejua. Unakumbuka wewe mwenyewe ulivyonipata. Nilikuwa nina miezi miwili tu toka Tanga, namwagilia ndimu katika shamba la mtu, Kiarabu sikijui hata cha kuombea maji, nikawa nautukana mpira wa maji kwa Kiswahili kwa kuwa ndio pekee ulionisikiliza. Wewe ulikuwa unapita na gari. Ukasimama, ukashusha kioo, ukaniuliza, "Wewe mwana, matusi hayo ya Tanga au ya Pemba?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wiki ya pili nikawa saisi wako, mtunza farasi wako, hapa Sib nje ya Maskati. Somo la kwanza ulilonipa lilikuwa lile: "Mpira utukane. Farasi hatukanwi." Na la pili: "Farasi hajui zawadi wala hajui kamari. Yeye anakujua wewe tu." Hilo la pili nililisikia. Sikulielewa mpaka juzi.

Ulipoanguka asubuhi ile, mkononi bado umeshika mguu wa farasi, nilidhani umeinama. Nikaendelea kusema nawe. Nilisema nawe kitambo, Maalim, kuhusu misumari ya chuma cha kwato, kabla sijaona kwamba farasi ameutoa mguu wake mwenyewe na wewe hujainuka.

Baada ya matanga wenye farasi wakaanza kuja. Siwalaumu. Walikuletea farasi wewe, hawakuleta kwa saisi wa Tanga. Kila mmoja alikuja na gari la kubebea, akanipa mkono, akasema "Mungu amrehemu," akapakia. Mwezi wa pili banda likabaki na Asumini peke yake, kwa sababu yeye alikuwa wako, kwa hiyo sasa alikuwa wa Bi Zuwena. Farasi hapendi upweke, unajua. Siku za mwanzo alikuwa anaita, halafu anatega masikio kusikiliza kama kuna atakayeitika. Ndege za abiria kutoka uwanja wa ndege zilikuwa zikipita juu na yeye anaziitikia. Nikahamisha kitanda changu, nikakiweka upande wa pili wa ubao, alale ananisikia ninakohoa.

Bi Zuwena alikuwa anakaa eda yako. Miezi minne na siku kumi hakuvuka kizingiti. Kila asubuhi nilikwenda chini ya dirisha lake la jikoni, na yeye akiwa nyuma ya pazia akiniuliza.

"Kala?"

"Kala, Bibi."

"Kanywa?"

"Kanywa."

"Mguu wa kushoto?"

"Hauna joto, Bibi."

"Haya. Nikitoka eda ntakuja kumuona anakimbia. Marehemu kanitaka miaka yote nende uwanjani, nikamwambia mimi na jua wapi na wapi. Sasa ntakwenda."

Hiyo ndiyo ilikuwa niya yake, Maalim. Mbio ya siku ya mwisho ya msimu. Haikuwa kwa sababu ya zawadi, ingawa zawadi ingesaidia, kwani ile ya Asumini kushika nafasi ya pili mwanzoni mwa msimu, uliyoifurahia ukanunua halua kilo nzima, mpaka leo haijaingia. Kila nikiuliza wanasema wiki ijayo. Bi Zuwena aliuza gari lako akanunua shayiri. Mshahara wangu sikumuuliza. Ningeuliza vipi, kupitia pazia?

Marafiki zako wawili hawakuacha kuja. Alhamisi baada ya Alasiri Ammi Hilal anashuka na gari lake kutoka Madinat Sultan Qaboos, Ammi Said anatoka dukani kwake Matrah bado ananukia udi, wanakaa kwenye benchi lako, wanaacha nafasi katikati kama vile umeingia ndani mara moja. Namimina kahawa, wanaanza.

"Mchezo huu umekwisha," Ammi Hilal anasema. "Wanaleta farasi wa nje, mmoja bei yake ni nyumba. Farasi wetu wa hapahapa watakimbia na nani?"

"Hata wakishinda," Ammi Said anajibu, "zawadi watakuja kuipokea wajukuu wako. Ndiyo maana watu wanatafuta njia nyengine."

"Njia gani? Hiyo ya kwenye simu?"

"Yakhe, sisi hatuchezi kamari. Tunabahatisha tu."

Hapo wote wawili wakaitazama ile nafasi ya katikati, kwa sababu maneno yako ya kila siku yalijileta yenyewe: kamari ukiivisha kanzu haiwi imamu. Ammi Hilal alitabasamu. Ammi Said alitazama simu yake.

Nilijua kuna mtu nje ya nchi anayepokea pesa zao kwa siri, na wao wanabashiri nani atakuwa wa kwanza na nani hatashinda. Wewe pia ulijua. Ulikuwa ukisema, "Wenye akili za kuhesabu farasi wako wengi, wenye kuwaona ni wachache." Nilidhani ni mchezo wa wazee wastaafu. Sikujua kwamba Ammi Said amekwishapoteza duka la pili, na yupo mbioni kulipoteza la kwanza.

Sasa la kwangu. Bataka yangu, kile kitambulisho cha ukaazi, ilikuwa kwa jina lako, wewe ndiye kafili wangu, mdhamini wangu kwa serikali. Ulipokufa, kafili wangu akawa maiti. Nilipewa muda wa kutafuta mwengine, na muda ukaisha. Kila siku iliyopita faini iliongezeka, nikawa naogopa hata kwenda sokoni Sib kununua samaki. Nikiona gari la polisi nainamia viatu. Tanga hawajui. Mama bado anawaambia watu mwanangu yuko Maskati kwa watu wema.

Jumatano kabla ya mbio Ammi Said alikuja peke yake. Hakukaa kwenye benchi. Aliegemea mlango wa Asumini, akamkuna paji la uso, akasema bila kunitazama:

"Athumani, ntakuandikisha dukani kwangu. Bataka, faini, yote juu yangu. Mwisho wa mwezi unatembea kifua mbele."

Nikamshika mkono nikataka kuubusu. Akautoa.

"Lakini Jumamosi watu wote wamemuwekea pesa huyu ashinde. Hisani kwa marehemu, huruma kwa mjane, unajua watu. Mimi nimemuwekea ashindwe."

"Sijaelewa, Ammi."

"Umeelewa. Simwambii mtu amdhuru. Maji tu. Farasi akinywa sana hakimbii, anatembea kama mwenye mimba, kesho yake mzima. Nani kamkosea mtu kwa kumpa maji?"

Maalim, ningetamani kukwambia kwamba nilikataa siku hiyo na usiku kucha nikapigana na nafsi. Sikukataa. Nilinyamaza, na yeye akajua kunyamaza kwangu ni nini, akaondoka. Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa mikono uliyoifundisha wewe. Jumamosi alfajiri nilitia chumvi kwenye shayiri yake. Nikaondoa maji. Alitafuta ndoo kwa mdomo wake, akaigonga ile sehemu tupu, akanitazama. Tulipofika uwanjani, saa moja kabla ya mbio, nikamletea ndoo ya kwanza. Aliinywa bila kupumua. Nikamletea ya pili. Katikati ya ile ya pili aliinua kichwa, maji yakimdondoka mdomoni, akaniwekea pua begani, ile namna yake ya kusema ahsante. Shati langu likalowa. Halafu akarudi kunywa.

Bi Zuwena alikuwa amekuja. Siku ya nne tangu atoke eda. Kavaa buibui jipya na kashika mwavuli, kakaa karibu na uzio, na kila anayepita alisimama kumwamkia mke wa Maalim. Mansur ndiye aliyempanda Asumini, huyo mtoto wa nduguyo ambaye ulisema ana mikono mizuri na kichwa kibaya. Alikuja akambusu Bi Zuwena kichwani, akasema, "Leo ya marehemu Ammi, Bi Zuwena. Leo nampelekea Ammi salamu."

Nilikuwa nimemshika Asumini lijamu na nikasikia hayo yote.

Walipotoka, alitoka vizuri. Kwa hatua mia mbili nilimwona kama zamani, na nakuapia, Maalim, niliomba. Niliomba ashinde. Mtu anaweza kumtilia mtu sumu halafu akamwombea shifaa, sikujua hilo juu ya binadamu mpaka siku ile. Kwenye kona akaanza kubaki. Mansur hakuelewa, akampiga. Wewe hukumruhusu kupiga, lakini alikuwa amemwahidi mke wa ami yake. Alimpiga, Asumini akatoa alichonacho, akajaribu, farasi yule alijaribu, tumbo likimning'inia, akamaliza wa mwisho. Watu wakaguna. Ammi Hilal akasema, "Maskini, kamkosa bwana wake." Ammi Said sikumwona.

Nusu saa baadaye aligeuza kichwa akatazama ubavu wake. Unajua maana yake. Mimi pia nilijua, ulinifundisha mwaka wa kwanza. Akapiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Akalala, akainuka, akalala tena akajiviringisha. Nikaanza kumtembeza huku namsomea kila aya ninayoijua. Daktari alikuja haraka, hana kosa. Akatia mpira puani, akachoma sindano, akaweka sikio tumboni. Akahamisha sikio upande wa pili. Akasema utumbo umejisokota, na kwamba kumpasua kunawezekana lakini si hapa na si sasa, na kila dakika anateseka.

Bi Zuwena alifunga mwavuli wake. Alikaa chini mchangani na buibui lake jipya, akakipakata kichwa cha Asumini.

Akaniuliza, "Athumani, kanywa nini leo? Kala nini?"

Kama kila asubuhi. Sauti ileile, ila sasa hakukuwa na pazia, niliona uso wake.

Nikasema, "Kama kawaida, Bibi."

Daktari akatayarisha sindano ya mwisho. Bi Zuwena akamwambia Asumini sikioni, "Nenda, mama. Mwenyewe yuko huko." Jua lilikuwa bado juu. Watu walikuwa bado wanashangilia mbio iliyofuata.

Siku ya tatu Ammi Said alikuja na karatasi. Alileta kweli, Maalim, hakuvunja ahadi. Karatasi zimepigwa mihuri, imebaki saini yangu tu. Akasema, "Mimi sikujua atakufa. Wallahi sikujua." Nikamwambia mimi nilijua anaweza kufa. Na huo ndio ukweli. Yeye ni muuza udi, farasi anamwona toka upande wa pili wa uzio. Mimi niliwahi kukuona wewe ukimtembeza farasi wa watu masaa tisa kwa ajili ya tumbo lililosokota. Nilijua, na nikajiambia haitatokea.

Sikutia saini. Si kwa ushujaa. Nilishika kalamu, nikainama, nikawa kama nasikia mtu anakunywa nyuma yangu. Nikaitupa kalamu nikaondoka, nikavuka ua mpaka kwa Bi Zuwena, nikamwambia yote nikiwa nimesimama chini ya dirisha la jikoni, kwa sababu miguu ilinipeleka pale yenyewe.

Hakulia. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Ondoka mbele ya macho yangu." Nikaondoka. Karibu wiki mbili sikumwona. Chakula alikuwa akinitumia, kila mchana, sahani imefunikwa. Hicho ndicho kilichonimaliza. Angeninyima ningepata pa kukaa ndani ya nafsi yangu. Nilikuwa nikiifunua ile sahani, nakuta wali na papa, na ndimu imekatwa pembeni, nashindwa kumeza.

Jana ndiyo akaniita, akasema yale ya kukwambia wewe. Akasema na jengine: ameshaongea na nduguye, watanilipia nirudi Tanga kwa njia halali. "Si kwa kuwa nimekusamehe. Sikukusamehe. Lakini marehemu aliweka jina lake juu yako, na mimi jina lake siliachi kwenye jela." Nimeshindwa kusema ahsante. Neno lenyewe limenikinaisha.

Wenye uwanja wa mbio niliwaambia pia. Waliandika, wakaniuliza nani aliyenituma, nikamtaja. Wakaandika na hilo. Limefika wapi sijui. Ammi Hilal Alhamisi hakuja, na Alhamisi iliyofuata hakuja. Benchi limejaa vumbi na sijalifuta.

Kumebaki jambo moja, Maalim, na hilo ndilo linaloninyima pumzi kuliko hayo yote. Mansur. Yeye hajui. Anaamini ni yeye aliyemuua, kwa kile kiboko. Bi Zuwena alinambia jana, mwishoni, kama mtu aliyesahau: Mansur ameuza tandiko lake. Hatoki chumbani. Mama yake anampelekea chai inarudi ilivyo. Anawaambia watu, "Nimempiga mpaka utumbo ukakatika." Mwana wa watu anabeba maiti yangu mgongoni, na mimi niko hapa nimekaa juu ya gunia naandika barua.

Bi Zuwena hakumwambia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hiyo si habari yangu."

Nimempigia Mansur simu leo mchana. Hakupokea. Nikampigia tena, mara ya sita akapokea, nasikia pumzi tu. Nikamwambia njoo bandani, nina neno juu ya Asumini. Akakata. Baadaye akaandika: nakuja.

Ana hasira, unamjua. Anaweza kunivunja. Anaweza kunipeleka polisi kabla tiketi haijatoka, na Tanga nikaisikia kwenye simu tu. Naomba asinipige usoni, ili Mama asione nikifika. Naona aibu hata kuomba hilo.

Maalim, sikuombi radhi. Nimeanza kuandika nikidhani ndiyo kazi ya barua hii, na sasa naona sina haki ya kuidai kwa mtu asiyeweza kunijibu hapana. Nakuahidi hili: Mansur hataondoka bandani leo akiwa bado anajiita muuaji. Nitamwambia chumvi, nitamwambia ndoo ya kwanza na ya pili, nitamwambia alivyoniwekea pua begani. Sitapunguza. Hata akiziba masikio nitasema, hata akinipiga nitasema nikiwa chini.

Mungu akupe huko ardhi laini na kivuli, na kama wanyama huruhusiwa, basi yuko nawe, na umeshamkagua mguu wa kushoto. Mimi nakuaga. Pengine sitaliona tena banda hili wala mawe yale.

Gari limeingia uani. Amezima injini lakini hajashuka, amekaa ameshika usukani, anatazama mlango wa Asumini.

Ninamfuata.

Athumani, saisi wako